Kabla ya Kuomba Damu ya Wazee wa Isiolo

Wanasayansi wanashikilia kwamba baadhi ya magonjwa yanayoula ubongo polepole, hasa ugonjwa wa Parkinson, hutokana na seli za neva kushindwa kuondoa mitokondria zilizoharibika. Je, habari hiyo inawahusu nini watu wa Isiolo, kaunti ya watu 268,002 kwa sensa ya 2019, waliotawanyika kutoka Oldonyiro hadi Merti na Garbatulla, ilhali wengi wa mabingwa wa neva nchini wako Nairobi? Ili kuupima mjadala huu nimeweka barazani sauti tatu za kubuni: Mtafiti wa maabara, Sista wa zahanati na Mzee mfugaji. Hawa si watu fulani, lakini wanayoyatetea yanatetewa kweli na watu wengi. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aukague njiani: ushahidi wa mitokondria umethibitika kwa wagonjwa wachache, kwa walio wengi bado ni dhana yenye nguvu, na umbali uliopo kati ya hayo mawili hautapimika mpaka Waafrika, wakiwemo wa Isiolo, waingie katika utafiti. Lakini hakuna mwenye haki ya kuwaomba damu kabla dawa iliyopo tayari haijawafikia.

Mtafiti anaanza na kazi ya seli yenyewe. "Mzee wangu, nawe Sista, mitokondria ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya nishati ya seli. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umepumzika ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mitokondria huchakaa kwa kazi, na iliyochakaa huvuja kemikali zinazoharibu protini na jeni zilizo jirani. Sasa kuna protini iitwayo PINK1. Mitokondria ikiwa nzima, utando wake wa ndani huwa na chaji ya umeme, na chaji hiyo huivuta PINK1 ndani, ambako hukatwa na kuteketezwa mara moja. Chaji ikishuka, PINK1 haivutwi tena. Hurundikana juu ya utando wa nje na kuiamsha protini ya pili, Parkin. Hizo mbili huibandika mitokondria ile alama za protini ndogo iitwayo yubikwitini. Alama zikiwa nyingi, utando mpya hujengwa kuizunguka mpaka ikafungiwa yote, kisha hupelekwa kwenye lisosomu, yaani mfuko wa vimeng'enya vikali, ikameng'enywa. Kazi hiyo tunaiita mitofaji."

Katika maelezo hayo sina la kupinga, ila naongeza jinsi yalivyopatikana, kwa kuwa hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja ya Mtafiti. Hakuna aliyebuni nadharia ya usafi wa seli kisha akaenda kuwatafuta wagonjwa wa kuithibitisha. Wagonjwa walitangulia. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walichunguza familia ambazo vijana wake walipata dalili za Parkinson mapema mno, wakakuta jeni moja imeharibika, wakaiita Parkin. Mwaka 2004 familia nyingine, za Ulaya, zikaonyesha jeni ya PINK1. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba jeni hizo mbili zinashirikiana. Mwaka 2006 maabara zilizokuwa zikichunguza nzi wadogo wa matunda ziligundua kwamba nzi asiye na PINK1 na nzi asiye na Parkin huharibika kwa namna moja, mitokondria za misuli yao zikavimba na kuvunjika, na kwamba Parkin ikizidishwa humwokoa nzi asiye na PINK1, ilhali PINK1 ikizidishwa haimwokoi asiye na Parkin. Maana yake ni kwamba PINK1 hutangulia na Parkin hufuata. Miaka 2 baadaye, kundi la Richard Youle nchini Marekani likaonyesha Parkin ikihamia kwenye mitokondria zilizopoteza chaji na kuzipeleka zikameng'enywe. Familia za mabara mawili na nzi wa maabara walikuwa wamefika mahali pamoja bila kupangiwa, na ushahidi wa aina hiyo ni mgumu kuuondoa.

"Mwanangu," asema Mzee, "hilo la kutenga kibovu halinishangazi. Ngamia akiugua nasi humtenga asije akawaponza wenzake, na mji huu wenyewe umejulikana miaka mingi kwa karantini ya mifugo. Ninalotaka kujua ni jambo jingine. Umesema seli hupata nishati kwa mitokondria. Basi kwa nini ugonjwa huu huanza na mkono unaotetemeka na mwendo unaokwama? Kwa nini ini lisianze, au ngozi?"

Mfano wa Mzee unafaa, ila mfugaji humtenga mnyama akitumaini atapona, na seli haina tumaini hilo: huimeng'enya mitokondria na kutumia vipande vyake kujengea nyingine. Swali lake ndilo zito, na watu wengi hulipita haraka. Ngozi na utumbo huzalisha seli mpya kila siku, kwa hiyo seli iliyojaa uchafu hufa na nafasi yake ikachukuliwa. Chembe nyekundu ya damu inapokomaa hutupa mitokondria zake zote na kuendelea kubeba oksijeni. Hata kimelea cha surra kinatoa ushahidi hapa. Mzee anaijua surra, ugonjwa wa ngamia unaoenezwa na nzi wanaouma, na watafiti wa Kenya wamekichunguza kimelea chake, Trypanosoma evansi, kutoka kwa ngamia wa Isiolo hii hii. Kimelea hicho kimepoteza sehemu kubwa ya jeni za mitokondria yake na bado kinaishi, kwa sababu kinaogelea katika damu yenye sukari na hujipatia nishati kwa kuivunja sukari hiyo. Seli ya neva haiwezi lolote kati ya hayo. Haigawanyiki tena, ile uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Na seli zinazokufa katika Parkinson, zile zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini katika ubongo wa kati, zina mzigo wa pekee: kila moja ina mkia mwembamba unaotawanyika matawi mengi ajabu, na kwa makadirio ya wataalamu wa maumbile ya neva, seli moja ya binadamu hugusana na nyingine katika sehemu zaidi ya milioni 1. Kila tawi linataka mitokondria zake. Seli yenye mahitaji hayo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuona athari ya usafi uliolegea, hata kama kasoro iko mwili mzima.

Sista hakubali kirahisi. "Mtafiti, nakuheshimu, lakini hebu niseme ninavyoona. Katika majaribio yale ya 2008 mlizimwagia seli sumu inayofuta chaji ya mitokondria zote kwa mpigo mmoja, tena seli zenyewe mlikuwa mmeziongezea Parkin. Mgonjwa wangu hajanyweshwa sumu hiyo. Ugonjwa wake umemjia kwa miaka 10 au 15, polepole. Mnayoyaona kwenye kisahani cha maabara ni jambo moja, na yaliyo ndani ya kichwa cha mtu ni jambo lingine."

Pingamizi hili ni zuri kuliko Sista mwenyewe anavyodhani, na haki inataka nilitilie nguvu kabla ya kulijibu. Panya waliofutiwa Parkin au PINK1 hawapotezi seli za dopamini kama tulivyotarajia. Wengi huzeeka wakitembea vizuri. Mwaka 2018 maabara zilizotumia alama za rangi kuitazama mitofaji katika panya na nzi walio hai ziliona kwamba usafi wa kila siku unaendelea karibu kama kawaida hata PINK1 isipokuwepo, maana seli ina njia nyingine za kuondoa mitokondria. Tena, ubongo wa wengi waliokufa na Parkinson ya jeni ya Parkin, ulipochunguzwa, haukuwa na yale mabonge ya protini ambayo ndiyo alama ya Parkinson ya kawaida. Mtu akisema kwamba huenda hayo ni magonjwa mawili yanayofanana kwa sura, hajasema upuuzi.

Lakini tuyatazame majaribio yaliyofuata. Mwaka 2015 panya wasio na Parkin walichanganywa na wale ambao jeni za mitokondria zao huchakaa upesi kuliko kawaida. Kila kasoro peke yake haikuua seli za dopamini. Zote mbili pamoja ziliziua. Mwaka 2019 watafiti wa Canada waliwaambukiza panya wasio na PINK1 bakteria wa utumbo, na baadaye panya hao wakapata shida ya kutembea iliyotulizwa na levodopa, dawa ile ile ya wagonjwa wa Parkinson. Basi njia ya PINK1 na Parkin haionekani kuwa ya usafi wa kila siku. Huonekana kuwa ya siku ya dhiki: mitokondria zinapoharibika kwa wingi, kwa uzee, maambukizi au sumu, ndipo ukosefu wake unapoua. Panya wa maabara analishwa vizuri, hana maambukizi, na huishi miaka 2 hivi. Kunusurika kwake hakumhakikishii lolote binadamu wa miaka 60. Kwa hiyo Sista ameshinda sehemu moja ya hoja, kwamba kisahani cha 2008 hakitoshi, na Mtafiti ameshinda nyingine. Kwa wale wenye jeni mbovu za PINK1 au Parkin, kushindwa kuondoa mitokondria ndiyo maelezo bora tuliyo nayo ya chanzo cha ugonjwa wao. Kwa wagonjwa walio wengi, ambao jeni hizo kwao ni nzima, ni dhana inayotafuta uthibitisho.

Wapo wanaotaja mkasa wa California wa 1982 kana kwamba unamaliza mjadala. Vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa na kemikali ya MPTP walikakamaa kwa siku chache kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi, na ikajulikana kwamba kemikali hiyo hushambulia mitokondria za seli za dopamini. Mkasa huo unathibitisha kwamba mitokondria zikiuawa, seli hizo hufa. Hauthibitishi kwamba kwa mzee wa kawaida tatizo ni kushindwa kuziondoa. Kuzivunja ni jambo moja na kushindwa kuzisafisha ni jingine, na magazeti mengi huyachanganya.

Hapo Mzee anarudi na jambo ambalo limeenea sana katika miji yetu ya Waislamu. "Mwanangu, husemwa kwamba Mjapani mmoja alipewa tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kuwa saumu inasafisha mwili. Kama ni hivyo, sisi tunaofunga Ramadhani kila mwaka tumekwisha kupata kinga."

Mjapani huyo ni Yoshinori Ohsumi, aliyetuzwa mwaka 2016. Alifanya kazi na hamira. Aliinyima chakula, akaona jinsi inavyomeng'enya sehemu zake yenyewe, kisha akazipata jeni zinazoendesha kazi hiyo. Kazi yake ni kubwa, lakini hakupima saumu ya binadamu wala hakumtibu mgonjwa wa Parkinson. Lipo pia jambo ambalo wanaosambaza habari hii hawalitaji: mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba seli za wanyama zikinyimwa chakula, mitokondria zake huungana zikawa ndefu, na kwa kuungana huko huepuka kumeng'enywa. Seli yenye njaa hula vitu vingine kwanza na huzihifadhi mitokondria, kwani ndizo zitakazoivusha. Njaa na mitokondria mbovu ni milango miwili tofauti ya kuingilia kwenye lisosomu. Saumu ni ibada yenye heshima yake na haihitaji kuazima sifa kwa hamira. Hatari iko kwa mgonjwa anayetumia levodopa, dawa inayomezwa mara kadhaa kwa siku, akaikatiza mchana kwa kuamini kwamba njaa itafanya kazi ya dawa. Kukatiza ghafla kunaweza kumkakamaza vibaya. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na imamu na muuguzi wakisema hilo kwa kauli moja kabla ya mwezi kuandama, watawaokoa watu.

Sasa nije kwenye kiini. Kwa nini Isiolo? Mtafiti atajibu kwamba jeni zilizotufundisha haya zilitoka Japani na Ulaya, na kwamba Afrika ilipoanza kutazamwa tu, jambo jipya lilijitokeza papo hapo. Ni kweli. Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria na wenzao wa Uingereza na Marekani walichapisha uchunguzi wa watu wenye asili ya Afrika, wagonjwa 1,488 wakilinganishwa na watu wengi wasio wagonjwa, wakakuta badiliko katika jeni ya GBA1 ambalo ni nadra mno kwa Wazungu. Mwenye nakala moja ya badiliko hilo ana hatari kama mara 1.5 ya mtu mwingine. Mwenye nakala mbili, kama mara 3.5. Na GBA1 hutengeneza kimeng'enya cha lisosomu, ule mfuko ambako mitokondria mbovu humalizia safari yake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote kwa swali letu: familia za Japani zilituonyesha kasoro mwanzoni mwa njia, pale alama zinapobandikwa, na Waafrika wa magharibi wanatuonyesha kasoro mwishoni mwake. Lakini Mborana si Myoruba, na Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru wa Isiolo kila mmoja ana nasaba yake. Waberiberi wa Afrika Kaskazini wana badiliko la jeni ya LRRK2 kwa wingi usioonekana kusini mwa Sahara. Hata desturi za ndoa zina uzito hapa: ugonjwa wa Parkin huhitaji nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama, na Waborana kwa mila huoa ng'ambo ya nusu yao ya kabila, Sabbo kwa Gona, wakati jamii nyingine huruhusu ndoa za binamu. Yaliyopatikana Nigeria hayawezi kusomewa Merti.

Sista anamkatiza, na hapa ndipo ninapomwunga mkono moja kwa moja. "Tafuteni jeni, sawa. Lakini mzee anayetetemeka kule kijijini anaambiwa ni uzee, au amerogwa. Hajapimwa na yeyote. Nanyi mkishaondoka na sampuli zenu, mimi nitampa nini?"

Jibu la swali lake tunalo kutoka kwa jirani. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071 na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Hawakuhitaji mashine ya mamilioni kuwapata. Walihitaji wahoji waliofundishwa maswali machache na daktari wa kuthibitisha: mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mwendo wa kuburuza, misuli iliyokaza, uso usiobadilika, sauti iliyofifia. Si kila anayetetemeka ana Parkinson, na ndiyo maana daktari wa kuthibitisha ni lazima. Kenya imekuwa na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaolipwa tangu 2023, watu wanaopita boma kwa boma. Maswali hayo wanaweza kuyabeba. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haizuii seli kufa, lakini inamrudishia mtu uwezo wa kujivalisha, kukamua na kutembea hadi kisimani. Hata upupu wa pwani yetu una levodopa katika mbegu zake, na madaktari wameujaribu kwa wagonjwa wa nchi maskini. Ila kipimo chake hubadilika mmea hadi mmea, na sishauri mtu ajitibu nao. Kwamba mtu hufikiria upupu ni dalili tosha ya jinsi vidonge vilivyo mbali.

Mtafiti anasema kwamba kungoja dawa kwanza ni kuchelewesha tiba ya kweli, ile itakayolinda seli zenyewe. Namsikia. Vizuizi vya USP30, kimeng'enya kinachobandua zile alama za yubikwitini, vimeanza kujaribiwa kwa binadamu katika hatua za mwanzo. Lakini hadi leo hakuna dawa hata moja iliyoidhinishwa inayosimamisha Parkinson kwa kuisaidia seli kuondoa mitokondria, na mwenye kuuza kidonge kwa ahadi hiyo anadanganya. Isitoshe, tiba na utafiti havivutani. Mgonjwa anayepata levodopa hurudi zahanati kila mwezi, hujulikana, hufuatiliwa, na mwitikio wake kwa dawa ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa wenyewe. Kliniki yenye dawa ndiyo itakayompa Mtafiti wagonjwa waliothibitishwa, ambao bila wao sampuli zake hazina maana. Anayeruka hatua hiyo anafanya sayansi mbovu, licha ya kukosa utu.

Hukumu yangu basi ni hii. Serikali ya Kaunti ya Isiolo iweke levodopa katika hospitali ya rufaa na katika vituo vya Merti, Garbatulla, Kinna na Oldonyiro, na iwafundishe wahamasishaji wake dalili tano nilizozitaja. Taasisi yoyote itakayokuja kuomba damu kwa ajili ya jeni za Parkinson iulizwe na kamati ya maadili, kwa maandishi, ni nani atakayelipia dawa za waliotoa damu hiyo baada ya utafiti kwisha. Isiyo na jibu isipewe kibali. Nawe msomaji, ukiwa na baba, mama, bibi au babu ambaye mkono mmoja unamtetemeka akiwa ametulia na mwendo umempungua, usimwachie uzee lawama: mpeleke apimwe mwezi huu.